Mwasho wa ngozi kwa mbwa

Mwasho wa ngozi kwa mbwa (pia: muwasho wa mbwa) ni hali inayomfanya mbwa ajikune, ajilambe, ajing'ate au ajisugue kwenye ukuta na ardhi kupita kawaida. Mwasho si ugonjwa mmoja bali ni dalili ya magonjwa mengi ya ngozi. Visababishi vikuu ni vimelea vya nje kama vile viroboto, utitiri, kupe na chawa, halafu mzio (aleji), na maambukizi ya bakteria na fangasi.

Mbwa mwenye afya njema pia hujikuna mara chache kwa siku, na hilo si tatizo. Mwasho huhesabiwa kuwa ugonjwa pale unapomkatiza mbwa usingizi au chakula, unapoendelea kwa siku nyingi, au unapoacha mabaka yasiyo na manyoya, vidonda, magamba, ngozi nene au harufu mbaya.

Kwa kuwa visababishi ni vingi, hakuna dawa moja inayotibu mwasho wote. Dawa inayomfaa mbwa mmoja inaweza kumdhuru mwingine anayejikuna vilevile. Ndiyo sababu utambuzi wa kisababishi hutangulia matibabu.

Jinsi mwasho unavyotokea

Ngozi ya mbwa ina nyuzi nyembamba za neva zinazopeleka taarifa za mwasho kwenye uti wa mgongo na ubongo. Neva hizo huamshwa na kemikali zinazotolewa na seli za kingamwili, kwa mfano histamini na interleukini-31, pale ngozi inapong'atwa na mdudu, inaposhambuliwa na vijidudu au inapogusana na kitu ambacho mwili unakikataa.

Kujikuna hutuliza mwasho kwa muda mfupi tu. Kucha na meno huchubua tabaka la juu la ngozi ambalo kazi yake ni kuzuia vijidudu visiingie na maji yasipotee. Ngozi iliyochubuka huvimba na kuingiliwa na bakteria, na uvimbe huo huongeza mwasho. Hivyo mbwa huingia katika mzunguko wa kujikuna na kuwashwa zaidi. Mbwa aliyeanza na viroboto wachache anaweza kuishia na vidonda vyenye usaha mgongo mzima, na wakati huo kuondoa viroboto peke yake hakutoshi.

Hali katika Gerezani na Dar es Salaam

Gerezani ni kata ya wilaya ya Ilala katikati ya jiji la Dar es Salaam, nchini Tanzania, jirani na soko la Kariakoo. Ni eneo la maduka, maghala, karakana za mafundi na nyumba za kupanga zenye ua mmoja, na pia lina kituo kikuu cha mabasi yaendayo haraka. Kwa kawaida mbwa wa maeneo kama haya hafugwi ndani ya nyumba. Wengi ni mbwa wa ulinzi wanaofungwa mchana na kuachwa huru usiku katika ua wa ghala au duka. Wakazi wengi wa maeneo haya ni Waislamu, na katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi. Hiyo ni sababu nyingine ya mbwa kukaa nje, na mara nyingi kuhudumiwa na mtu mmoja tu, kwa mfano mlinzi.

Mazingira hayo yanahusika na mwasho kwa njia nne.

* Joto na unyevu. Dar es Salaam ina joto mwaka mzima na hewa yake ina unyevu mwingi wa bahari. Viroboto hustawi penye joto la sentigredi 20 hadi 30 na unyevu mwingi. Katika nchi zenye majira ya baridi wadudu hawa hupungua nje ya nyumba kwa miezi kadhaa, lakini pwani ya Tanzania hawana msimu wa kupumzika. Majira ya mvua za masika (Machi hadi Mei) na vuli (Oktoba hadi Desemba) huongeza pia fangasi wa ngozi na masikio.
* Msongamano. Mbwa wa ulinzi, mbwa koko, paka wa sokoni na panya hupita katika vichochoro na majalala yaleyale. Mbwa aliyetibiwa leo anaweza kuokota vimelea vipya kesho.
* Mahali pa kulala. Magunia, maboksi, mbao na nyufa za kuta ni maficho mazuri ya mayai ya viroboto na kupe.
* Upatikanaji wa kemikali. Viuatilifu vya mashambani na dawa za kuogeshea ng'ombe hununuliwa kwa urahisi madukani mjini, na oili chafu hupatikana bure kwenye karakana. Vitu hivi hupakwa mbwa kwa nia njema lakini mara nyingi huwa sumu kwake.

Visababishi

*Viroboto*

Kiroboto anayepatikana zaidi kwa mbwa duniani ni yule anayeitwa kiroboto-paka (*Ctenocephalides felis*). Kiroboto-mbwa (*Ctenocephalides canis*) yupo pia lakini si wa kawaida kama mwenzake. Jike huanza kutaga siku moja au mbili baada ya kunyonya damu kwa mara ya kwanza, na anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayanati kwenye manyoya; huanguka popote mbwa anapolala au kupita. Mabuu yanayotoka hukimbia mwanga, hujificha kwenye vumbi na nyufa, na hula kinyesi cha viroboto wazima, ambacho kwa kweli ni damu iliyokauka. Baadaye buu hujisokotea kifukofuko na kuwa bundo. Bundo huweza kungoja humo kwa miezi kadhaa mpaka ahisi joto, mtikisiko au pumzi ya mnyama.

Kwa hiyo viroboto wanaoonekana juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu ya wote waliopo. Inakadiriwa kwamba takriban asilimia 95 ya viroboto wa eneo lolote wamo katika mazingira wakiwa mayai, mabuu na mabundo. Hii ndiyo sababu kubwa ya watu kusema dawa "haikufanya kazi": mbwa alioshwa, lakini gunia analolalia halikuguswa.

Mbwa wengine wana mzio wa mate ya kiroboto. Kwao, kuumwa na viroboto wachache tu hutosha kuleta mwasho mkali kwenye shina la mkia, kiuno na sehemu ya nyuma ya mapaja. Kiroboto huambukiza pia tegu aitwaye *Dipylidium caninum*, pale mbwa anapommeza akijing'ata.

*Utitiri wa upele*

Upele wa mbwa, ambao wengi huuita pia ukurutu, husababishwa na utitiri *Sarcoptes scabiei* wa aina inayoshambulia mbwa. Jike huchimba vijia ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga humo. Mzunguko wa maisha yake huchukua takriban wiki tatu. Upele huanza kwenye kingo za masikio, viwiko, visigino vya miguu ya nyuma na tumbo, kisha huenea. Mwasho wake ni mkali kuliko karibu magonjwa yote ya ngozi ya mbwa. Mnyama hukonda kwa kukosa usingizi na hamu ya kula. Ugonjwa huu huambukizwa haraka kwa kugusana.

*Utitiri wa vinyweleo*

*Demodex canis* huishi ndani ya vinyweleo vya karibu mbwa wote. Mtoto wa mbwa humpata kutoka kwa mama yake katika siku za kwanza za kunyonya, na kwa kawaida hakuna madhara. Kinga ya mwili ikiwa dhaifu, utitiri hawa huongezeka na manyoya hunyonyoka, hasa kuzunguka macho, mdomo na miguu ya mbele. Mwanzoni mbwa hawashwi sana. Mwasho huja bakteria wakiingia. Ugonjwa huu hauambukizi watu.

*Utitiri wa masikio*

*Otodectes cynotis* huishi ndani ya tundu la sikio na kusababisha nta nyeusi inayofanana na unga wa kahawa. Mbwa hutikisa kichwa na kukuna masikio. Huwapata zaidi watoto wa mbwa na paka.

*Kupe*

Kupe wa mbwa wa kahawia (*Rhipicephalus sanguineus*) ni tofauti na kupe wengi wa ng'ombe, kwa sababu anaweza kumaliza maisha yake yote kwa kunyonya mbwa na kuishi kwenye majengo. Baada ya kushiba hushuka na kujificha kwenye nyufa za ukuta wa banda. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai. Mbali na mwasho, kupe huyu hueneza vijidudu vya *Ehrlichia canis* na *Babesia*, vinavyosababisha homa, udhaifu, ufizi kupauka na wakati mwingine kutokwa damu puani. Magonjwa hayo huweza kuua.

*Chawa na funza*

Chawa wa mbwa, kama *Trichodectes canis*, huonekana kwa macho na mayai yao hugandamana na manyoya. Huwapata zaidi mbwa wadogo, wazee na wasiotunzwa.

Funza (*Tunga penetrans*) alitoka Amerika ya Kusini. Aliingia Afrika kupitia Angola mnamo 1872, akaenea bara zima hadi pwani ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Jike huingia kwenye ngozi ya nyayo na katikati ya vidole. Mbwa mwenye funza huchechemea na kulamba miguu, na huwa chanzo cha funza kwa watu wanaotembea peku katika ua huohuo.

*Mzio*

Baadhi ya mbwa huzaliwa na mwelekeo wa kupata mzio wa vitu vya kawaida vya mazingira, kama utitiri wa vumbi la nyumbani, chavua na kuvu. Kwa kawaida dalili huanza kabla ya mbwa kufikisha miaka mitatu: hulamba nyayo, husugua uso, na masikio, makwapa na kinena huwa vyekundu. Kati ya mbwa wa kigeni wanaofugwa Tanzania, German Shepherd na Labrador wamo katika jamii zinazopatwa zaidi.

Mzio wa chakula hufanana sana na huo. Vinavyohusika zaidi ni protini kama nyama ya ng'ombe, maziwa na kuku, na pia ngano. Mzio wa namna hii unaweza kuanza hata kwa chakula ambacho mbwa amekila kwa miaka mingi.

*Bakteria na fangasi*

Bakteria *Staphylococcus pseudintermedius* huishi kwenye ngozi ya mbwa bila kudhuru, lakini hushambulia ngozi iliyochubuka na kuleta vipele vya usaha na mabaka ya mviringo yenye magamba. Hamira ya ngozi, *Malassezia pachydermatis*, huleta mafuta, weusi wa ngozi na harufu ya kuchacha, hasa masikioni na kwenye mikunjo. Mara nyingi hivi viwili huja baada ya tatizo jingine. Vikitibiwa bila kuondoa tatizo la mwanzo, hurudi.

Fangasi *Microsporum canis* husababisha mashilingi, yaani mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, ambayo huwasha kidogo au hayawashi kabisa.

Utambuzi

Mahali mbwa anapojikuna hutoa dokezo la kwanza:

* Shina la mkia na kiuno: viroboto
* Kingo za masikio, viwiko na tumbo: upele
* Ndani ya masikio: utitiri wa masikio, hamira au mzio
* Nyayo, uso na makwapa: mzio
* Kati ya vidole pamoja na kuchechemea: funza au kupe
* Kuzunguka macho na mdomo bila mwasho mwingi: utitiri wa vinyweleo

Jaribio rahisi la viroboto hufanyika nyumbani. Manyoya ya kiunoni huchanwa kwa kitana chenye meno ya karibu juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Chembe nyeusi zikiyeyuka na kuwa nyekundu ya kahawia, hizo ni kinyesi cha viroboto. Zikibaki nyeusi ni uchafu wa kawaida. Kutoona kiroboto hakuthibitishi kwamba hayupo, kwa sababu mbwa mwenye mwasho mkali huwameza kwa kujing'ata.

Kwa upele, kingo za sikio husuguliwa polepole kwa vidole. Mbwa wengi wenye upele hurusha mguu wa nyuma kana kwamba wanajikuna. Daktari wa mifugo hukwangua ngozi kwa wembe butu na kutazama ukwangu kwa hadubini. Utitiri wa upele ni wachache na huchimba ndani, hivyo mara nyingi hawaonekani. Daktari anaweza kuamua kutibu kwa dalili peke yake. Utitiri wa vinyweleo huonekana kwa urahisi zaidi. Bakteria na hamira hutambuliwa kwa kubandika utepe wa gundi au kioo kwenye ngozi, kisha kupaka rangi na kutazama.

Mzio wa chakula hauna kipimo cha damu kinachoaminika. Hutambuliwa kwa kumpa mbwa chakula ambacho hajawahi kukila, kwa mfano nyama ya mbuzi na viazi kwa mbwa aliyezoea ugali, dagaa na utumbo wa ng'ombe, kwa muda wa wiki nane. Mwasho ukipungua, chakula cha zamani hurudishwa; ukianza tena, mzio umethibitika. Katika ua wenye wapangaji wengi jaribio hili hufaulu tu kama kila mtu amejulishwa, kwani mfupa mmoja uliotupwa dirishani huharibu kazi ya wiki nzima.

Mzio wa mazingira hutambuliwa mwishoni, baada ya vimelea, maambukizi na chakula kuondolewa katika hesabu.

Matibabu

Kwa kawaida matibabu hufuata hatua tatu: kuondoa vimelea, kutibu maambukizi, na kutuliza mwasho.

*Kuondoa vimelea.* Kwa sababu vimelea ni visababishi vya kawaida zaidi na hutibika kwa urahisi, huondolewa kwanza hata kama mzio unashukiwa. Dawa zinazotumika ni za kudondosha shingoni (kama fiproni na selamektini), kola zenye dawa, na vidonge vya kundi la izoksazolini (kama fluralaneri na afoksolaneri), vilivyoanza kutumika katika miaka ya 2013 na 2014. Kundi hili huua viroboto, kupe na utitiri pamoja, lakini hutumiwa kwa uangalifu kwa mbwa wenye kifafa. Wanyama wote wa ua hutibiwa siku moja, wakiwemo paka kwa dawa zao maalumu. Dhidi ya viroboto, matibabu huendelea kwa miezi mitatu au zaidi ili kuwamaliza wanaotoka kwenye mabundo.

*Kusafisha mazingira.* Magunia na matambara hufuliwa kwa maji ya moto au kuchomwa. Banda hufagiliwa na takataka zake huondolewa uani, nyufa huzibwa kwa saruji, na mahali pa kulala hupigwa jua. Bila hatua hii dawa ya bei kubwa hupotea bure.

*Kutibu maambukizi.* Shampuu yenye klorheksidini, peke yake au pamoja na mikonazoli, huachwa mwilini kwa dakika kumi kabla ya kusuuzwa. Antibiotiki hutolewa na daktari kwa wiki kadhaa. Kuzikatiza mapema vidonda vinapokauka huchangia usugu wa bakteria.

*Kutuliza mwasho.* Prednisoloni na dawa nyingine za kortikosteroidi hutuliza haraka na ni za bei nafuu. Hata hivyo hupunguza kinga ya mwili. Mbwa mwenye utitiri akipewa bila uchunguzi, mwasho hutulia siku chache kisha ugonjwa huenea mwili mzima. Zikitumiwa kwa muda mrefu huleta kiu, kukojoa sana na udhaifu wa misuli. Oklasitinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, hutuliza mwasho wa mzio bila baadhi ya madhara hayo, lakini bei yake ni kubwa. Mzio wa mazingira hauponi; hudhibitiwa maisha yote.

Tiba zenye hatari

* Oili chafu ya gari. Hupakwa kwa imani kwamba huziba pumzi ya utitiri. Oili hii ina metali nzito na kemikali za petroli. Mbwa huilamba, na ngozi pia huifyonza. Ini, figo na mapafu huweza kuharibika. Mafuta ya taa, dizeli na maji ya betri yana hatari kama hizo na huunguza ngozi.
* Viuatilifu vya mashambani na dawa za kuogeshea ng'ombe. Dawa za oganofosfeti huzuia kimeng'enya kinachotuliza neva. Mbwa hutoka mate mengi, hutapika, hutetemeka, mboni za macho husinyaa, na anaweza kufa kwa kushindwa kupumua. Amitrazi hutumiwa na madaktari kuogesha mbwa, lakini kwa kipimo maalumu. Ikizidi huleta usingizi mzito na mapigo ya moyo ya polepole.
* Ivermektini ya sindano ya ng'ombe. Dawa hii ilileta Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015 kwa William C. Campbell na Satoshi Ōmura, na inaua utitiri. Lakini chupa ya ng'ombe ina nguvu kubwa, na kosa dogo la kipimo humzidishia mbwa mara nyingi. Collie na baadhi ya mbwa wa jamii za kuchunga wana hitilafu ya jeni inayoruhusu dawa kuingia kwenye ubongo, na huweza kufa kwa kiasi ambacho mbwa wengine hustahimili.
* Permethrini karibu na paka. Mbwa huistahimili, lakini ni sumu kali kwa paka anayelala pamoja naye.
* Dawa na sabuni za watu. Ngozi ya mbwa haina asidi nyingi kama ya mtu, hivyo sabuni ya unga na ya kufulia huikausha na kuongeza mwasho.

Majani ya mwarobaini yaliyochemshwa hutumiwa na wengi. Mwarobaini una azadiraktini, kemikali inayovuruga ukuaji wa wadudu, lakini maji ya majani hayana kipimo kinachojulikana na hayatoshi kutibu upele ulioenea.

Mbwa aliyepakwa sumu huoshwa mara moja kwa maji mengi na sabuni laini, na anayemwosha huvaa glavu. Hatapishwi, hasa kama amelamba oili au mafuta, kwa sababu yanaweza kuingia mapafuni. Chupa ya dawa hupelekwa pamoja naye kwa daktari.

Athari kwa watu

Upele wa mbwa humpata pia mtu anayemgusa au kumbeba, na huleta vipele vinavyowasha mikononi, tumboni na mapajani. Utitiri huu hauzaani kwa binadamu, hivyo vipele huisha baada ya mbwa kutibiwa. Familia inayojikuna pamoja na mbwa wake ina sababu nzuri ya kumpeleka mnyama kwa daktari. Mashilingi na funza pia hupita kati ya mbwa na watu, na waathirika wakubwa ni watoto.

Hatari kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Mbwa aliyeambukizwa anaweza kukuna au kutafuna mahali alipong'atwa, hata kama kidonda kimepona. Kujikuna kwa namna hiyo kukiambatana na ukali au upole usio wa kawaida, kutoka mate, kushindwa kumeza au kuyumba, mbwa huyo hashikwi, na ofisi ya mifugo hujulishwa. Mtu aliyeng'atwa huosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na kwenda hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu daima huua.

Huduma na sheria nchini Tanzania

Mfugaji wa mjini anaweza kuanzia kwa afisa mifugo wa kata au halmashauri, au katika kliniki binafsi za wanyama. Vipimo vya maabara hufanywa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), iliyoanzishwa mwaka 2012 na yenye makao makuu Temeke, Dar es Salaam. Madaktari wa mifugo hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, ambacho kina pia hospitali ya wanyama.

Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inasimamia taaluma hiyo kupitia Baraza la Veterinari. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama kumtunza na kutomsababishia mateso yasiyo ya lazima. Mbwa wa ulinzi naye ni mnyama mwenye haki ya kutibiwa.

Kinga

Kinga hugharimu kidogo kuliko tiba. Mambo yanayosaidia ni haya:

* kutumia dawa ya viroboto na kupe mwaka mzima bila kungoja mwasho;
* kukagua masikio, makwapa na vidole kila wiki na kutoa kupe kwa kibano bila kumminya;
* kumwogesha mbwa kwa shampuu ya mbwa na kumkausha vizuri, hasa wakati wa masika;
* kumwekea kitanda cha mbao kilichoinuliwa kutoka sakafuni badala ya magunia;
* kumtenga mbwa mpya mpaka akaguliwe;
* kumpa chakula cha kutosha, kwani utapiamlo hudhoofisha ngozi na kinga;
* kumchanja dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka na kumhasi ili asizurure.

Mtu anayemhudumia mbwa kila siku, awe mwenye nyumba, mlinzi au kijana wa duka, ndiye wa kwanza kuona mabadiliko. Akijua mahali pa kutazama na vitu vya kuepuka kumpaka, magonjwa mengi ya ngozi hutambuliwa yangali madogo na kutibika kwa gharama ndogo.